Maelezo ya Mtani Ndahani

Ndahani aliondoka nyumbani saa tatu asubuhi kwenda kituoni kuripoti simu iliyopotea, na ilipofika saa sita mchana alikuwa muuaji. Habari hiyo ililetwa na Chenge wa bodaboda, mtu ambaye hajawahi kuleta habari njema tangu anunue pikipiki. Alimkuta Paskazia, mke wa Ndahani, kwenye meza yake ya samaki pale Mkolani, anageuza sato kwenye karai.

"Shikamoo, mama. Epua kwanza hao samaki."

"Marahaba. Niepue, wateja wale wabichi? Sema."

"Mzee kawekwa ndani. Kamuua mzee Mashimba."

Paskazia aliushika mwiko hewani, mafuta yakawa yanadondoka kwenye kanga yake. "Mashimba amekufa kwa sukari. Alilazwa mwezi mzima, na uji nilikuwa nampelekea mimi kwa mikono yangu hii."

"Ndiyo, mama, hata mimi najua. Lakini mzee kakiri."

"Kakiri kwa nani?"

"Kwa mashine," alisema Chenge, akawasha pikipiki, maana alikuwa bado hajawapa habari watu wa stendi.

Kilichomshangaza Paskazia si kukiri. Ndahani alikuwa ameshakiri mauaji hayo Jumapili iliyopita mbele ya watu mia mbili, kwenye msiba wenyewe, huko kijijini mbele ya Misungwi. Ndahani ni Mgogo. Mashimba alikuwa Msukuma, kama alivyo Paskazia, na Mgogo akienda kwenye msiba wa Wasukuma anakwenda kazini: kazi ya mtani ni kufanya vurugu mpaka wafiwa wacheke. Ndahani aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alimkaripia marehemu kwa uvivu wa kulala mchana. Aliwatangazia waombolezaji kwamba amemuua yeye, kwa sababu alikuwa anamaliza chakula cha nchi. Kabla jeneza halijashushwa aliruka kaburini na koti lake, akajinyoosha chali, akasema shimo limechimbwa kwa kipimo chake na hatoki mpaka apewe jogoo na soda mbili. Mjane, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Alhamisi, alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Vijana walimtoa Ndahani kwa kumvuta miguu, Mashimba akazikwa vizuri, watu wakala wali.

Ni siku ya pili ndipo Ndahani alipojipapasa mifuko ya koti. Simu haikuwemo. Paskazia alipopiga, iliita. Ikaita Jumatatu, ikaita Jumanne, na Jumatano ikawa haipatikani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa iko wapi. Ili arudishiwe laini yake alitakiwa apate karatasi ya polisi ya upotevu wa mali, na ndiyo hiyo aliyoifuata asubuhi, amevaa shati la kanisani.

*

Kaunta ya kituo ilikuwa na Koplo Shigela, kijana wa Kisukuma mwenye heshima zake, na mbele yake kulikuwa na kishikwambi kilichosimamishwa kwenye kibao, kikiwaka taa ndogo nyekundu. Askari walikiita Karani. Mtu anaongea, Karani anasikiliza, na kabla hujamaliza kupiga chafya maelezo yako yameshaandikwa kwa Kiswahili cha mahakamani.

"Shikamoo, mama," alisema Shigela, macho yakiwa kwenye kaunta.

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi?"

"Yupo mahabusu. Keti kwanza."

"Nitaketi nikishamwona."

Sauti ikatoka nyuma ya nondo, huko kwenye korido. "Paskazia! Umeniletea sato?"

"Nyamaza wewe!" alisema Paskazia, na moyo ukamtulia kidogo, maana mumewe alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hajapigwa. Akamgeukia koplo. "Nisomee hayo aliyokiri."

Shigela alikohoa, akasoma kutoka kwenye karatasi iliyochapwa.

"'Mtoa maelezo, mwanamume, umri miaka hamsini na minane, kabila Mgogo, kazi fundi baiskeli, alieleza kwa hiari yake na akiwa na akili timamu kwamba yeye ndiye aliyemuua marehemu, kwa sababu marehemu alikuwa anakula sana. Alieleza kwamba wakati wa kuzikwa marehemu alikuwa bado anaomba ugali. Alieleza kwamba aliingia kaburini yeye binafsi ili kuhakikisha, na kwamba simu yake imebaki humo pamoja na marehemu kwa mawasiliano. Mtoa maelezo hakuonyesha majuto. Alicheka.'"

"Na wewe ulikuwepo anasema hayo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ukafanya nini?"

Shigela alishusha sauti. "Na mimi nilicheka."

"Mbona hapo haijaandikwa kwamba ulicheka?"

"Karani huwa anatuondoa askari. Anamchukua mtoa maelezo tu."

"Wewe si Msukuma? Hukujua kwamba mtani wako anakutania?"

"Nilijua, mayu," alisema Shigela, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mbona nilimjibu vizuri tu! Ni Karani ndiye hakujua."

"Na saini hii hapa chini, palipoandikwa 'nimesoma na kuthibitisha,' ni ya Karani?"

Shigela alijifuta jasho. Saini ilikuwa yake. Zamani, enzi za kalamu, alikuwa anaandika maelezo ya mtu mmoja kwa saa nzima, akiuliza mara mbilimbili, akichora mstari chini ya jina. Siku hizi watu thelathini walipita kwenye kaunta kwa siku moja, na kitufe cha 'nimesoma' kilikuwa pale pale kilipo kitufe cha 'endelea,' kwa hiyo kidole kilikuwa kimeshazoea njia. Leo kilibonyeza mara tatu kwa kuwa mtandao ulikuwa mzito. Maelezo yakaruka mpaka kituo kikubwa, huko yakakutana na mashine nyingine, na hiyo ilipoona neno kuua ikayapaka rangi nyekundu. Wapelelezi walipiga simu wenyewe, Shigela alimweleza. Gari litakuja saa nane kumchukua mtuhumiwa, na kesho asubuhi wataomba kibali cha kufukua kaburi.

Paskazia aliyaona yote kabla hayajatokea. Alimwona Mashimba anatolewa ardhini, wiki haijaisha, na mjane wake amesimama pembeni. Alimwona Ndahani na shati lake la kanisani, miezi na miezi, akingojea upelelezi ukamilike, maana kila mtu Mkolani anamjua mtu aliyengojea upelelezi ukamilike. Aliogopa sana.

"Basi watumie nyingine. Waambie ni utani."

"Siwezi kuifuta, mama. Nikisema imekosewa, nitaulizwa kwa nini niliithibitisha."

"Kwa hiyo mume wangu akajibu kesi ya mauaji ili wewe usiulizwe swali?"

Shigela alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, ambayo haikuwa na uchafu wowote. Alikuwa na aibu ya kweli, lakini pia alikuwa na mke, na cheo cha miezi mitano.

"Waambie wakifukua wasisahau simu yangu!" ilipaza ile sauti ya nyuma. "Ipo upande wa kushoto, chini ya kiuno cha Mashimba!"

Taa nyekundu ikakonyeza. Kwenye kioo cha Karani maneno mapya yakajipanga, na wote wawili wakayasoma: *Nyongeza. Mtuhumiwa anaomba kaburi lifukuliwe na ameonyesha mahali pa kuchimba.*

"Kizime hicho kidude!" alisema Paskazia.

"Hakizimiki mpaka jalada lifungwe."

Askari mwingine, aliyekuwa kwenye kona anakula chapati, alikunja pua. "Mama, samahani. Unanuka samaki. Huwezi kusogea pale nyuma ya mlango kidogo? Watu wanakula."

Paskazia alikuwa na mengi ya kumjibu. Aliuza samaki miaka ishirini na askari huyo huyo alikuwa mteja wake wa Ijumaa. Lakini mume akiwa ndani, hata mwenye chapati ni serikali. Akakusanya kanga yake akaenda kusimama nyuma ya mlango, uso ukimwaka kwa fedheha.

*

Mlango wa kituo huwa wazi tangu asubuhi mpaka jioni, umeegemezwa ukutani kwa tofali. Ndiyo maana tangazo lililobandikwa kwenye ukuta huo, kwa gundi nzuri na karatasi ya plastiki juu yake, lilikuwa halijasomwa na mtu hata mmoja tangu libandikwe. Paskazia, akiwa amebanwa kati ya mlango na ukuta, alikuwa raia wa kwanza kukutana nalo. Pua yake ilikuwa inagusa kichwa cha habari: TAARIFA KWA RAIA KUHUSU MATUMIZI YA AKILI MNEMBA KATIKA KUANDIKA RIPOTI.

Paskazia ni msomaji wa masomo kanisani. Huwa hasomi kimyakimya, hajui namna.

"'Moja,'" ilisikika sauti yake nyuma ya mlango. "'Raia ataambiwa kabla hajaanza kuongea kwamba maneno yake yataandikwa na mashine. Mbili. Ripoti itaonyesha sehemu zilizoandikwa na mashine na sehemu zilizoandikwa na askari. Tatu. Sauti ya mwanzo itatunzwa, wala haitafutwa, na mhusika au ndugu yake akiomba kuisikiliza, atasikilizishwa. Nne. Penye kosa, askari ataandika masahihisho kwa mkono wake, yasomwe na mhusika kabla ya saini.'"

Mwenye chapati aliacha kutafuna. Shigela aliufuata mlango, akachungulia. "Mayu, tafadhali," alisema kwa sauti ndogo, kisha akahamia Kisukuma, akambembeleza kwa jina la mama yake mzazi asiombe hiyo sauti, kwamba humo ndani kuna mambo.

"Sema Kiswahili," alisema Paskazia kwa nguvu, "Karani asije akakosea tena."

Wakati huo ndipo alipoingia mkuu wa kituo, Inspekta Kokulinda, Mhaya mrefu mwenye miwani, akitoka semina mjini. Semina ilikuwa ya siku tatu na ilihusu Karani. Alikuwa na begi jipya la semina, kalamu mpya ya semina, na furaha ya mtu aliyepewa cheti. Alimkuta mwanamke mwenye kanga ya mafuta anatoka nyuma ya mlango wake, mkononi ana tangazo na vipande vya rangi ya ukuta.

"Mama! Hilo ni mali ya serikali."

"Shikamoo, afande. Limeandikwa kwa raia. Raia ni mimi."

Inspekta aliitikia marahaba bila kutaka. Paskazia akamweleza yote kwa pumzi moja, msiba, utani, simu, gari la saa nane, na kila alipofika kwenye jina la Shigela, koplo alikaza macho kwenye dari.

"Koplo," alisema inspekta. "Mzee aliambiwa kwamba ni mashine inayoandika?"

"Nilimwambia, afande. Nilisema, 'Ongea tu mzee, Karani anaandika.'"

"Nilidhani karani ni wewe!" sauti ikapaza kutoka kwenye korido. "Nikasema huyu Msukuma amezidi ushamba, anaandika bila kalamu!"

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. "Mtoeni," alisema. "Na sauti iletwe."

*

Ndahani alitoka akiwa ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa sababu mkanda walimvua. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono myeusi ya grisi isiyotoka hata Krismasi. Alimtazama mke wake, akaona uso ulivyo, akaacha kutabasamu. Akawekwa kwenye benchi. Shigela alibonyeza kishikwambi kwa kidole kilichosita, kidole kile kile.

"'Eti nini?'" ilianza sauti ya Shigela kutoka kwenye mashine, changamfu kabisa. "'Mgogo ameibiwa? Mgogo ana kitu gani cha kuibiwa?'"

"'Funga mdomo, mla michembe ya viazi. Simu yangu anayo ndugu yenu Mashimba. Nilimuua mwenyewe, alikuwa anamaliza chakula cha nchi.'"

"'Umefanya vizuri sana! Na wewe leo hutoki, nakupeleka kwenu Dodoma nikakubadilishe kwa debe la mtama.'"

"'Debe zima? Mwenzio babu yangu aliletewa ukoo wenu wote, akasema hapana, wanakula mno, warudisheni.'"

Yakafuata ya ugali na ya kaburini, na kicheko kikajaa kaunta nzima, cha wanaume wawili, kirefu, na ndani yake kilisikika pia cha yule mwenye chapati. Inspekta Kokulinda aliuma mdomo. Wahaya hawahusiki na ugomvi wa Wagogo na Wasukuma, lakini miwani yake ilikuwa inatikisika.

"'Hebu nisomee ulichoandika,'" iliendelea sauti ya Ndahani.

"'Mzee, nikisoma zote nitastaafu lini? Hata afande mwenyewe hasomi. Saini yake inaingia huku yuko semina.'"

Miwani iliacha kutikisika. Inspekta alichukua karatasi, akashuka mpaka mwisho, akaiona saini yake iliyotiwa leo saa nne asubuhi, wakati yeye alikuwa anakunywa chai ya semina na kusikiliza mada ya uwazi. Shigela alitamani ardhi ipasuke, ikiwezekana kule kule aliko Mashimba.

"Yatosha, afande," alisema haraka, kidole kikienda kuzima. "Hapo nilitoka kutafuta muhuri. Hakuna kitu tena. Ripoti yenyewe imesema, tazama: 'Sekunde hamsini na mbili, kelele zisizo na maana, zimeondolewa.'"

"Tangazo linasema sauti ya mwanzo, yote," alisema Paskazia. Hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa tu ameonja kuwa na haki, na alitaka aimalize.

"Paskazia, twende nyumbani," alisema Ndahani kutoka kwenye benchi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kishikwambi kiliendelea. Viatu vya Shigela vikaenda mbali, vya mwenye chapati vikafuata. Mlango wa ndani ukalia. Kikawa kimya, kisha kiti kikasogezwa, kisha sauti ya Ndahani ikaja, ndogo, ya mtu anayedhani yuko peke yake.

"'We Mashimba,'" ilisema. "'We ni mtu mbaya sana. Sasa asubuhi nani atanitukana?'"

Halafu ikaja sauti ambayo Paskazia hakuitambua mara moja, kwa kuwa katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mwanaume anayelia na kujizuia na kushindwa, akivuta pumzi kwa meno, akipiga kaunta kwa kiganja polepole. Iliendelea hivyo mpaka viatu vya Shigela vilipoanza kurudi. Kikafuata kikohozi, na Ndahani yule yule wa siku zote akasema, "'Muhuri umepatikana, au Wasukuma mmeshaula?'"

Shigela alizima. Alikuwa kijana, na hakujua aangalie wapi.

Paskazia alimtazama mume wake na akamhurumia mpaka akakasirika. Kila asubuhi Mashimba alikuwa anapita mbele ya banda la baiskeli na kupaza tusi jipya, na Ndahani alikuwa analisubiri na spana mkononi, na akilikosa anauliza. Wiki nzima hii Paskazia alikuwa amemsema kwa ajili ya simu, kwamba mtu mzima anaruka kaburini kama hana akili. Msibani mtani halii. Akilia yeye, nani atawachekesha wenye msiba? Kwa hiyo Ndahani alichekesha watu mia mbili, akarudi nyumbani, akala, akalala, na alipopata dakika moja bila Msukuma wa kumtazama, alikuwa mbele ya Karani.

Inspekta Kokulinda alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha alipiga simu kituo kikubwa, akasema gari lisije, kaburi lisiguswe, kuna kosa na ni la kituo chake. Alirudia maneno ya mwisho mara mbili, maana upande wa pili hawakuzoea kuyasikia.

"Sasa masahihisho," alimwambia Shigela. "Kwa mkono."

Kalamu ilitafutwa kituo kizima. Haikupatikana hata moja iliyokuwa inaandika, mpaka inspekta akatoa ile ya semina. Shigela aliinama, akaandika kwamba mauaji ni utani, kwamba marehemu hakuomba ugali, kwamba yeye mwenyewe alicheka na hakusoma. Mkono ulikuwa mzito, kila mstari ulimtoa jasho.

"Kuna kosa jingine, mama?" aliuliza inspekta.

"Lipo," alisema Paskazia. "Hizo sekunde hamsini na mbili. Hazikuwa kelele. Andika alilia."

"Usiandike!" Ndahani alisimama, suruali ikateleza, akaiwahi. "Koplo, mwanangu, usiandike hivyo. Wasukuma watanicheka mpaka nihame mji."

Shigela alisita, kalamu juu ya karatasi. Yeye ni Msukuma, na mtani wake alikuwa mbele yake hana mkanda, na kilio chake kiko kwenye rekodi. Nafasi kama hiyo mtu haipati mara mbili. Angeweza kusema lolote. Aliinama akaandika, taratibu, herufi moja moja, kisha akaigeuza karatasi na kuisukuma mbele ya Ndahani.

"Soma kwanza, mzee," alisema. "Ndipo utie saini."

Ndahani alisoma. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena ule mstari wa chini, uliosema kwamba alilia. Mkono mmoja ulikuwa kwenye suruali. Kwa mwingine alichukua kalamu.

"Wasukuma bwana," alisema, "hata mwandiko hamna." Akatia saini.